Naibu Mwalimu Mkuu na Fielder: kisa cha kununua gari Nakuru

Hiki ni kisa cha kweli cha mtu ninayemjua, nimebadilisha vitu vichache ili asijulikane, na yeye mwenyewe amekubali niandike mradi jina lisitajwe. Nitamwita Mwalimu. Mimi niko kamati ya mikopo ya sacco yetu, so nilikiona hiki kisa kutoka ndani, na kuna mahali nilikosea mimi pia, utaona mbele.

Hali ilivyokuwa

Mwalimu ni naibu mkuu wa sekondari moja upande wa Njoro, anaishi Free Area hapa Nakuru na familia yake. Nyumba ni yao, hawalipi rent. Mshahara ni kama 96,000, ukishatoa kodi, SHIF ya bima ya afya, tozo ya serikali ya nyumba nafuu na makato mengine, anashika 62,000 mkononi. Mama, yaani mke wake, ana duka la nguo za watoto na sare za shule, mwezi mzuri linaleta faida ya 20,000, mwezi mbaya hata 8,000. Mtoto mmoja yuko shule ya bweni, wawili bado wadogo, mmoja wao ana asthma.

Kila siku Mwalimu alipanda matatu mpaka tao, akabadilisha ya Njoro, halafu boda mpaka geti. Nilimwambia aandike kwa mwezi mmoja kila shilingi ya usafiri, ya kwake na ya nyumbani, ikafika 11,000 hivi. Hiyo namba ikumbuke.

Akiba alikuwa na 580,000, pesa ya chama ya miaka kadhaa na ng'ombe wawili waliouzwa. Kwa sacco alikuwa na 210,000, na sisi tunakopesha mara tatu ya akiba, kumaanisha angepata mpaka 630,000 akileta wadhamini.

Kilichomsukuma hasa ni usiku mmoja mtoto alibanwa na kifua saa nane, taxi hazishiki simu, jirani mwenye gari amesafiri. Walifika hospitali na boda, baba amembeba mtoto katikati, mama akafuata na boda ya pili. Hapo ndio mama alisema gari inunuliwe, na mimi siwezi mlaumu.

Yadi na ile namba moja

Mwalimu akaenda yadi moja ya magari hapa Nakuru siku ya Jumamosi, kuangalia tu ati. Kuna Toyota Fielder ya 2015, nyeupe, imepigwa polishi mpaka unajiona kwa mlango, bei 1,450,000. Kijana wa mauzo hakumuuliza bajeti yake ni ngapi. Alimuuliza, "Mwalimu, kwa mwezi unaweza toa ngapi bila kuumia?" Mwalimu akasema thelathini, thelathini na tano. Kijana akachukua kalenda ya mezani, akageuza nyuma, akapiga hesabu kwa simu, akaandika namba moja tu na penseli: 35,525. Akaizungushia duara.

Mpango ulikuwa hivi, dipositi asilimia 40 yaani 580,000 (angalia venye imeingia sawasawa na akiba yake, maana alikuwa ashasema ako na ngapi), salio 870,000 alipe miezi 48 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Mkopo unapita siku moja, hakuna mdhamini, gari inawekewa kifaa cha kuifuatilia, logibuku, yaani hati ya umiliki, inakaa kwa jina la kampuni mpaka umalize. Mwalimu akatuma 50,000 ya kushikilia gari hapo hapo. Risiti aliipata, na chini yake kuna mstari wa herufi ndogo unasema hiyo pesa hairudishwi. Hakuusoma. Mimi pia pengine singeusoma, tuseme ukweli, harufu ya gari mpya kwako inafunga macho.

Jumatatu akaniletea hiyo kalenda. Alitaka tu kujua kama sacco inaweza mwongezea 100,000 ya bima na vitu vidogo vidogo.

Jioni ya hesabu

Tulikaa kwao na kitabu cha mistari. Kitu cha kwanza nilimuuliza hiyo asilimia 2 inahesabiwa kwa pesa gani. Akasema kwa deni. Deni gani, la leo ama la mwanzo? Hakujua, tukapigia yule kijana simu, akasema kwa uchangamfu kabisa ni flati.

Sasa flati maana yake ni hii. Hata ukifika mwezi wa 47, umebakisha deni la miezi miwili tu, bado unatozwa riba ya 870,000 nzima kama siku ya kwanza. Asilimia 2 ya 870,000 ni 17,400, mara miezi 48 ni 835,200. Riba peke yake. Ukijumlisha na salio na dipositi, gari ya 1,450,000 inamtoka kwa 2,285,200. Ukitaka kulinganisha na mkopo ambao riba inafuata salio linalopungua, hiyo asilimia 2 ya flati ni karibu asilimia 38 kwa mwaka. Sacco yetu ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, asilimia 12 kwa mwaka. Mtu akisikia 2 na 1 anafikiri tofauti ni mara mbili, kumbe ni zaidi ya mara tatu.

Mwalimu alinyamaza. Mama ndiye aliuliza, "Na mafuta je?"

Hilo swali lilikuwa zuri kuliko yangu yote. Kutoka Free Area mpaka shuleni ni kama kilomita 25, kwenda na kurudi 50, siku 22 ni 1,100, weka 300 za kanisa, tao na kwa wazazi Molo, inafika 1,400 kwa mwezi. Fielder ya 1500cc kwa barabara zetu tulipigia kilomita 14 kwa lita, so lita 100, na wakati huo petroli ilikuwa inacheza kwa 180. Shilingi 18,000. Mafuta pekee yamepita nauli yote ya familia! Halafu bima kubwa ya komprehensivu kama 40,000 kwa mwaka, yaani 3,300 kwa mwezi, sevisi kila kilomita 5,000 ambayo kwake ni kila miezi mitatu na nusu, 2,100 ukigawanya, matairi 1,200, kuosha 800. Tukafika 25,400. Ongeza 35,525 ya yadi unapata 60,925, na mshahara ni 62,000.

Ilibaki elfu moja na senti ya kula, karo na stima. Mama alicheka, si kicheko cha furaha.

Kuacha ile 50,000

Hapa tulibishana mpaka saa tano usiku. Mwalimu alisema hawezi acha 50,000 iende hivyo, heri aendelee, atakaza mshipi. Nikamuuliza, kama leo mtu angekulipia hiyo 50,000 zawadi, ungechukua huu mpango wa yadi? Akasema hapana. Basi pesa ilishaenda siku ile ulituma, ukiendelea haikurudii, unaifuata tu na nyingine. Alienda kuiomba mara mbili, wakamwonyesha herufi ndogo. Akaacha. Kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote aliyofanya kwa hii safari, na ndio uliomuuma zaidi.

Njia ya pili

Akabaki na 530,000. Aliomba sacco 600,000 kwa miezi 48, kila mwezi 15,800, riba yote ya miaka minne kama 158,400. Alihitaji wadhamini wanne na alingoja wiki tatu, wenzake wa shule wakasaini. Tuliangalia pia ile sheria ya kwamba makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara, akapita vizuri. Baada ya ada za mkopo alikuwa na 1,121,000 mkononi.

Kamati ilimshauri, na ni mimi niliandika kwa mkono wangu: nunua gari isiyozidi 900,000, 200,000 isiguswe. Mama alikuwa ashaona Toyota Vitz ndogo ya 1000cc ya mwalimu mwenzao, 720,000, inakula kidogo, tulipiga ingetumia mafuta ya kama 14,000 badala ya 18,000. Mwalimu akauliza kama naibu mkuu ataingia geti la shule na Vitz wanafunzi wakitazama. Pia alisema anahitaji buti kubwa ya viazi kutoka Molo. Hivyo viazi huletwa mara mbili kwa mwaka, pickup ya kukodi ingemaliza hiyo kazi, lakini mtu akishaipenda Fielder hata kiazi kinakuwa sababu.

Gari ya kwanza walipata kupitia broka, 950,000, safi sana. Wakafanya search ya rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, ikaonyesha gari bado iko kwa jina la muuzaji pamoja na benki, kumaanisha ina mkopo haujaisha. Broka akasema hiyo ni kitu kidogo, itatolewa wiki ijayo. Waliondoka. Hiyo search ni shilingi mia tano na kitu tu na ilimwokoa hapo.

Ya pili ilikuwa ya mtu binafsi, Fielder ya 2013, mwenyewe anataka 1,080,000. Search ikatoka safi, jina la kitambulisho na la rekodi linafanana. Tulienda kuiona Jumapili asubuhi, saa moja na nusu, mimi, Mwalimu na shemeji yake ambaye ni makanika wa matrekta. Nilikuwa nimemwambia achukue fundi wa kujitegemea mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, anataka 3,000, Mwalimu akaona shemeji ni bure.

Tulipofika gari ilikuwa tayari imetolewa nje, inanguruma. Nilipita mbele nikaweka mkono kwa boneti, moto. Jumapili, saa moja na nusu, mtu hajaenda popote, na boneti iko moto. Gari ikishapashwa joto kuna mambo hutayaona, kuwaka kwa shida, moshi wa kwanza, giaboksi kuchelewa kushika. Nilijua hivyo na nikanyamaza, maana Mwalimu alikuwa anatabasamu na shemeji ashaanza kusifu injini. Hilo kosa ni langu. Ningesema tu, mzee, zima, tuletee chai, tutaijaribu ikipoa.

Wakakubaliana 1,020,000. Malipo yalifanywa vizuri, lazima niseme. Mkataba kwa wakili, 800,000 siku ya kusaini, 220,000 baada ya Mwalimu kukubali uhamisho kwa eCitizen na jina lake kuonekana. Hakuna pesa iliyotoka bila karatasi.

Ikabaki 101,000. Bima 41,000, wakili na uhamisho 9,000, matairi mawili 17,000, na halafu viti vya ngozi na redio ya skrini kubwa 22,000. Ile 200,000 ya kutoguswa ilikuwa imekuwa 12,000.

Wiki ya saba

Alikuwa anapanda Elburgon kuelekea Molo na wazazi wake nyuma. Injini ikaanza kulia juu, sindano imepanda, gari haiendi. Akakanyaga zaidi, ikalia zaidi. Wakasukumwa kando, wazazi wakamalizia na matatu, gari ikavutwa mpaka Nakuru.

Fundi wa Nakuru, yule wa mashine ambaye tungemlipa 3,000, alitoa mafuta ya giaboksi kwa kopo la plastiki akatuita. Yalikuwa meusi, yananuka kama kitu kimeungua, na ukisugua kati ya vidole unahisi unga mdogo wa chuma. Akatueleza hiyo giaboksi ni ya CVT, aina ya otomatiki isiyo na gia za hatua, inatumia mafuta yake maalum, mtu alikuwa amejaza haidroliki ya kawaida ya gari za zamani na akaendesha hivyo kwa muda. Giaboksi iliyotoka Japani 85,000, kazi 12,000, mafuta sahihi 14,000. Jumla 111,000.

Pesa ilitoka hivi: zake 12,000, mkopo wa simu 30,000, chama 29,000, na 40,000 ilikuwa ya mama, pesa ya stoki ya sare. Ilikuwa mwisho wa Desemba. Kila mtu mwenye duka la sare anajua Januari ndio mwezi wenyewe, shule zikifunguliwa unauza wiki mbili kuliko miezi mitatu. Mama aliingia Januari na rafu nusu tupu, wazazi wakapita wakaenda duka la pili. Gari nayo ilikaa garaji wiki tatu, Mwalimu akalipa mkopo wa gari na nauli ya matatu mwezi mmoja.

Iko wapi sasa

Ni miezi 14 tangu achukue mkopo wa sacco. Gari iko sawa, hajakosa kulipa hata mwezi mmoja, wadhamini wanalala usingizi. Mtoto amekimbizwa hospitali usiku mara mbili na hakukuwa na boda. Mwalimu anaondoka nyumbani dakika arobaini baadaye kuliko zamani. Lakini hakuna akiba imeingia mahali popote kwa mwaka mzima, na duka halijarudi pale lilikuwa.

Anabeba walimu watatu kila asubuhi, wanachanga mafuta. Hilo limemsaidia sana ila nimemwambia aulize kampuni ya bima na apate jibu kwa maandishi, maana bima ya gari ya binafsi haijaandikwa kwa kubeba watu wanaolipa, siku ya ajali mchango wa mafuta unaweza kuitwa nauli.

Uchambuzi

Nianze na lile swali la kijana wa yadi. "Unaweza toa ngapi kwa mwezi" inasikika kama huruma, kumbe ndio inaficha kila kitu. Ukishamwambia thelathini na tano, yeye anaongeza tu miezi mpaka namba iingie hapo. Bei, riba, miaka, vyote vinayeyuka vinabaki duara moja la penseli. Tulipoandika jumla ya pesa zote mpaka siku ya mwisho, uchawi ukaisha.

Je, kuhama yadi kulilipa? Fanya hesabu na makosa yote ndani: gari 1,020,000, riba ya sacco 158,400, giaboksi 111,000, ile 50,000 iliyopotea. Ni 1,339,400. Yadi ilikuwa 2,285,200. Kweli moja ni ya 2013 na nyingine ya 2015, lakini miaka miwili ya Fielder haigharimu karibu shilingi 950,000.

Kwa hivyo mkopo haukuwa tatizo mara ya pili, wala bei. Tatizo ni kununua na pesa yote. Giaboksi ingeharibika hata kama angeacha 200,000, lakini ingekuwa shida ya gari tu. Kwa vile hakukuwa na kitu, ikawa shida ya duka, ya chama na ya simu. Gari ya mtumba ya zaidi ya milioni ukiinunua ukabaki na 12,000, bado hujaimaliza kuilipia, hujaambiwa tu salio ni ngapi.

Na hapa najilaumu kama kamati. Tuliandika ushauri wa 200,000 kwa karatasi halafu tukatoa mkopo wote kwa mkupuo. Tungeweza kumpa 400,000 tu, ama kuikata ile akiba ibaki kwa akaunti yake ya sacco. Tangu hicho kisa tumeanza kuuliza kila anayekopa ya gari atuonyeshe itabaki ngapi baada ya bima na uhamisho, na wawili wamekasirika wakaenda kwingine.

Ukaguzi ulifanywa nusu. Karatasi zilikaguliwa kama za mahakamani na chuma kikakaguliwa na shemeji. Shemeji hana kosa, CVT si kazi yake, na ni vigumu kumwambia mtu wa familia hujui. Mtu wa nje unamlipa ili asione haya kuharibu furaha yako.

Kuhusu kama alihitaji gari, mimi siko upande wa wale wanasema gari ni dhima na mtu aendelee na matatu mpaka azeeke. Mwenye mtoto wa asthma ana sababu. Ila 15,800 na 25,400 ni 41,200, ukitoa nauli ya 11,000 alizokuwa anatumia, amekubali kulipa kama 30,000 zaidi kila mwezi kwa usalama na starehe, na hilo lilipaswa kusemwa waziwazi mezani. Badala yake walikuwa wanaambiana gari "itaokoa nauli". Kwa Vitz hiyo tofauti ingeshuka na ile 200,000 ingebaki, na mtoto angefika hospitali dakika zile zile.

Wiki iliyopita broka mmoja alimwambia atampa 880,000 kwa hiyo Fielder. Nimempigia hesabu: mkopo umebaki kama 454,000, akiuza akalipa anatoka na kitu 426,000. Haitoshi Vitz lakini sacco inaweza kuongeza kidogo. Mwalimu anasema anafikiria. Mama anasema kabla ya hiyo 426,000 kufikiriwa, arudishiwe kwanza 40,000 ya sare, Januari inakuja.